Aliyelala Sorwe

Bomba lilikohoa kabla ya alfajiri, kama lilivyokohoa kila siku: kikohozi kikavu, kisha kingine chenye makohozi, kisha kimya. Bi Mwasiti alikuwa macho tayari. Uzee ulikuwa umemnyang'anya usingizi wa mwisho mwisho, ule mtamu, ukamwachia masikio. Alijua maana ya kikohozi kile. Maji yamefika kwenye bomba la uani na yanangoja ruhusa, ruhusa iko kwenye kibao cha ukutani, na kibao kinangoja jibu.

Akajivuta kitandani, akatafuta kandambili kwa vidole vya miguu, akaenda sebuleni akipapasa ukuta. Kibao alikuwa amekifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembeni, kama watu wa zamani walivyofunika redio zao. Nyumba zote za kijiji cha Kwambea zilikuwa hivyo. Kitu kinachotazama watu hakiachwi uchi, walisema, na kikifunikwa kinalala. Alikifunua.

Sauti ya kike, yenye adabu kuliko binadamu, ilimpa shikamoo, ikamtaja jina lake na la baba yake, kisha ikauliza swali lililoulizwa alfajiri ile katika kila nyumba ya nchi. Anadhani Mahimbo yuko wapi leo?

“Sijui, mama,” alisema Bi Mwasiti.

Kibao kilinyamaza kidogo. Zamani kilikuwa hakinyamazi. Kisha kikamshukuru, na kule uani maji yakaanza kumwagika ndooni. Ng'ambo ya ua alisikia jirani yake naye akijibu kwa sauti ya usingizi: Sorwe. Na nyumba ya tatu: Sorwe. Ukisimama uani saa ile ungedhani kijiji kizima kinaitikia dua.

Mtambo uliokuwa nyuma ya vibao, Serikali iliuita Mtambo wa Makadirio. Watu waliuita Ramli, kwa sababu uliwatafuta waliopotea kama wapiga ramli wa kale, ila wenyewe haukutumia mchanga wala kokwa. Ulitumia watu. Aliyeuanzisha aliwaeleza wananchi kwa mfano wa mtungi wa kunde. Waulize watu wengi mtungini mna kunde ngapi, kila mmoja atakosea, huyu kwa kuzidisha na yule kwa kupunguza. Lakini makosa yao yakikutanishwa yanakulana yenyewe kwa yenyewe, na kinachobaki kinaukaribia ukweli. Ndivyo Ramli ilivyowapata watoto waliopotea kwenye mafuriko. Hakuna mtoto aliyeonekana na mtu yeyote. Kila mtu alibahatisha tu, na walipokwenda pale makisio yalipolundikana, wakawakuta juu ya paa, hai. Nchi nzima ililia kwa furaha siku ile, na Bi Mwasiti alikuwa miongoni mwa waliolia.

Kisha Mahimbo na watu wake wakalilipua soko la nafaka mjini, asubuhi, kina mama wakipatana bei ya mahindi na watoto migongoni. Tangu hapo Ramli ilimtafuta mtu mmoja. Mahali palipolundikiwa makisio mpaka pakafika kiwango, palipelekewa mavu: ndege zile ndogo nyeusi zisizo na rubani, zinazokwenda kwa makundi zimebeba mabomu na kurudi tupu.

Mavu yalikuwa yamekwenda mara nyingi. Mahimbo hakupatikana. Wengine walisema yuko pangoni ng'ambo ya mpaka. Wengine walisema amenyoa ndevu, anauza mayai kwenye mitaa ya mji mkuu. Wengine walisema amejigeuza mwanamke, na kuna aliyeapa kwamba anakula wali kwenye nyumba ya waziri. Kila neno la namna hiyo lilikuwa na uzito wake mtamboni, hata la mlevi.

Watu wa Kwambea walikuwa na mila moja iliyowaletea shida. Hawanyooshei kidole mlango wa mtu. Ukiunyooshea mlango kidole, waliamini, msiba hupita kwenye ncha ya kidole hicho na kuingia. Basi walipolazimishwa kutaja mahali kila alfajiri, hawakuweza kutaja kijiji chenye watu, hata cha mbali, hata cha watu wasiowapenda. Hawakuitisha kikao. Ilikuwa adabu tu. Mmoja baada ya mwingine walichagua mahame ya Sorwe, kule juu ya kilima, palipohamwa enzi za babu zao chemchemi zilipokauka. Pale hapakuwa na mlango wa kunyooshewa kidole.

Ndivyo walivyodhani.

*

Naseku alifika umande ulipokwisha kukauka. Alikuwa fundi wa Ramli wa wilaya nzima, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, na watu walimwogopa kwa sababu ya gari lake lisilo na dereva. Bi Mwasiti hakumwogopa. Mtu anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa, halafu akavipanga pamoja na vya mwenyeji, hawezi kuwa mbaya. Safari moja alimkuta bibi anafunga miwani kwa uzi. Akakaa chini na kuitengeneza kwa waya mwembamba, na aliporudi tena kitu cha kwanza alichouliza ni kama waya haumchomi.

Siku hiyo hakuvua viatu. Alisimama uani akasema, “Bibi, leo tukae hapa nje. Kuna kaupepo kazuri.”

Bi Mwasiti alimwambia kwamba mgeni haongeleshwi uani kama aliyekuja kudai. Naseku akasema basi amwonyeshe kuku wake. Bibi akacheka, akamwambia kuku ni wale wale wa safari iliyopita, ila yule kilema ameanza kutaga kwa kiburi. Akamshika mkono akamwingiza ndani, akamketisha kwenye kiti chenye mto, akammiminia uji wa ulezi. Kisha, alipoona mgeni anakitazama kibao, akakiendea akakifunika, akainyoosha ile kona yenye maua.

“Kimelala hicho,” alisema. “Haya, zungumza.”

Baadaye Bi Mwasiti angekumbuka jinsi mtoto wa watu alivyozungushia kikombe vidole bila kunywa, na jinsi alivyomwomba mara ya tatu watoke nje, safari hii akisema amehisi kichefuchefu. Bibi alimpa ndimu anuse.

Basi akazungumza, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alisema jibu la bibi limeanza kutazamwa. Asiyejua hubahatisha, leo huku kesho kule. Lakini mtu anayejibu “sijui” asubuhi zote, bila kubadilisha, mtambo humwekea alama.

“Taja mahali popote tu, Bibi. Ninakusihi. Sema yuko mwezini.”

“Mwezini hakuna watu?”

“Wapo. Wachimba madini.”

“Basi si kwao, mwanangu?”

Naseku alitabasamu bila kupenda. Alisema sawa, kama ni hivyo aseme Sorwe kama wenzake. Kisha uso ukambadilika, akasema hapana, asiseme Sorwe. Sorwe imebakiza kidogo.

“Kidogo nini?”

“Kufika kiwango. Lakini usihofu, Bibi. Ramani inaonyesha ni mahame. Hapana mtu.”

Bi Mwasiti aliweka chini kata ya uji.

Sorwe kulikuwa na watu. Walikuja juzi juzi baada ya mavuno, wakitokea bondeni, kwenye mji wao uliofika kiwango na kupelekewa mavu. Waliobaki walipanda kilima, wakaezeka upya zile kuta za mababu wa Kwambea kwa majani. Hawakuwa na kibao, na kwa Ramli mtu asiye na kibao hayupo. Nyumba ya Bi Mwasiti ilikuwa ya mwisho kijijini, kwenye njia ya kilimani, na kila jioni alikuwa na desturi ya mama yake: kufunika bakuli moja la chakula kwa ajili ya msafiri atakayechelewa. Jioni moja aliyechelewa alikuwa Mama Chiku, mfinyanzi, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hakula. Aliomba chombo ahamishie chakula, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na wengine.

Bi Mwasiti hakumwambia mtu. Angewaambia majirani wasiitaje Sorwe, wangemuuliza sababu. Na kila atakayeijua angelazimika kusimama nayo mbele ya kibao alfajiri, ikimwasha ulimini. Alidhani kunyamaza kutatosha. Alinyamaza, huku akisikia Sorwe ikitajwa ua hadi ua, na kila ilipotajwa alijiambia kwamba makisio ya kijiji kimoja ni kidogo kama kijiko baharini.

Tena kulikuwa na jingine. Wakati wa mvua za vuli aliyekuja kwenye bakuli alikuwa mwanamume, amejifunika gunia, anatetemeka kwa homa. Alipoinua uso kuomba maji, Bi Mwasiti aliliona sikio lake la kushoto, lililokunjwa juu kama jani la kunde. Alikuwa amelipigapiga sikio lile kwa kidole miaka mingi nyuma, mwenye sikio akinyonya. Mama wa mtoto alikufa katika uzazi, na Bi Mwasiti alikuwa na binti mchanga na maziwa ya kutosha wawili. Mtoto alikaa kifuani pake mpaka alipoota meno. Kisha ndugu wa baba wakaja kumchukua, na jina lake likapotelea huko, mpaka alipolisikia kwenye habari za soko.

Ramli ilijua damu ya kila mtu. Haikujua maziwa.

Alimlaza. Alimlisha. Usiku wa pili alimuuliza kama alijua sokoni mlikuwa na watoto, na Mahimbo alisema alijua. Hakusema zaidi, wala bibi hakumuuliza tena. Alipokufa alimwosha kama anavyooshwa mtoto wa mtu, bila kumsamehe, kwa sababu hakuwa yeye wa kusamehe. Wanaume wa Sorwe walimbeba juu. Mmoja wa waliochimba kaburi alikuwa amempoteza mke pale sokoni. Alichimba mpaka mwisho, akanawa mikono, akaondoka bila kungoja dua. Bi Mwasiti hajapata kuona wema mzito kama ule.

Basi sasa makisio ya watu wenye adabu, waliotaja mahali pasipo na mtu, yalikuwa yamemwangukia Mahimbo mwenyewe, pamoja na wote waliolala juu yake.

“Naseku, mwanangu,” alisema. “Sorwe kuna watu.”

Msichana alisimama ghafla. “Bibi, nyamaza.”

“Nimenyamaza vya kutosha. Kuna watoto kule. Na huyo mnayemtafuta acheni kumtafuta, amekufa. Mimi ndiye niliyemnyonyesha, na mimi ndiye niliyemwosha. Amelala Sorwe, na kaburi lake halina dhambi. Mwambieni huyo mtambo, apumzike, watu nao wapumzike.”

Alikuwa na hakika kwamba ukweli ukisemwa utafunga mlango wa mambo yote. Hiyo ndiyo kazi ya ukweli, ndivyo alivyolelewa. Lakini Naseku alikuwa anatikisa kichwa, machozi yameshajaa, kidole chake kimeelekea ukutani, kwenye kitambaa chenye maua.

Chini ya kitambaa, ile sauti yenye adabu ilisema, “Ahsante, Bi Mwasiti binti Salumu. Jibu lako la leo limebadilishwa.”

*

Huko nje, mbali na ukuta, Naseku alimweleza, na bibi akaelewa upesi kwa sababu jambo lenyewe halikuwa gumu. Ramli haikuwa na nafasi ya jibu la “amekufa.” Kaburi ni mahali, na Ramli husikia mahali. Tena haihesabu vichwa, inapima uzito: kisio la mgeni ni kama unyoya, la jirani ni kama jiwe, na la mama ni kama kilima. Jana bibi alikuwa mzee mmoja wa Kwambea. Leo, kwa kinywa chake, amekuwa mama.

“Imefika?” aliuliza.

“Imefika, Bibi. Mavu yatakwenda kesho jua likichomoza.”

Naseku aliwapigia wakubwa wake huku akizunguka banda la kuku. Aliwaambia kuna raia. Walimjibu kwamba ramani haionyeshi raia. Aliwaambia mtu mwenyewe ni marehemu. Walimjibu kwamba basi ni heri zaidi, mifupa itapatikana, na wale wanaosema mtambo unakosea watanyamaza. Akawauliza kama, mifupa ikipatikana, vibao vitazimwa. Mkubwa alicheka kwa upole, akasema kuna jina jingine limeshaandaliwa.

Msichana aliketi chini kwenye vumbi na sare yake ya kazi. Alisema angesema mapema, angesema waziwazi kwamba kitambaa hakifanyi kitu, lakini kusema vile mbele ya kibao ni kifungo, na ana mama mgonjwa. Aliogopa. Bi Mwasiti alichuchumaa kwa taabu, akamfuta pua kwa ncha ya khanga.

“Uliniomba tutoke nje mara tatu,” alimwambia. “Mimi ndiye niliyekupa ndimu. Inuka, mwanangu. Twende tukawaambie.”

*

Gari liliwafikisha chini ya kilima, na kutoka hapo walipanda kwa miguu, bibi akimwegemea msichana. Naseku alikuwa ameshamwonya kwamba gari halitaweza kumbeba mtu yeyote wa Sorwe. Jioni mtambo huliita lirudi lenyewe kituoni, milango ikijifunga, na asiye na kibao atakayekuwa ndani atashushwa mikononi mwa askari.

Mama Chiku alikuwa anatoa vyungu jivuni alipowaona. Alisikiliza yote, mpaka neno la mwisho, pamoja na kwamba kisio lililofikisha kiwango lilikuwa limetoka kinywani mwa bibi huyu. Kisha, kabla ya kuita wenzake, kabla ya kushika mzigo wowote, aliingia ndani akatoka na kigoda, akakifuta vumbi, akamwekea Bi Mwasiti.

“Kaa, Bibi. Kilima hiki si cha umri wako.”

Hakumlaumu, si siku ile. Walifunga virago haraka, kwa ustadi wa watu ambao wameshafanya hivyo mara nyingi. Mtu mmoja aliuliza wanakwenda wapi. Mwingine akasema uwanda wa magadi, hakuna anayeishi kule. Mama Chiku alisema basi ndiko watu wenye huruma watakakokutaja kesho, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Aliyebaki alikuwa mzee Dosa, baba yake Mama Chiku, aliyevunjika nyonga walipokuwa wanapanda kutoka bondeni. Wanawe walimbeba na kitanda chake. Hawakufika hata kwenye ukingo wa kijiji. Alilia kwa sauti nyembamba ambayo hakuna mtoto anayetaka kuisikia kwa baba yake, akaomba ashushwe, wakamshusha. Wakajaribu tena, akalia tena. Mwisho alisema amechoka na safari, wao watangulie, yeye atakuja na wa nyuma. Hakuna aliyemwambia kwamba wa nyuma hawapo. Mama Chiku aliinama akamwekea kichwa kifuani kwa muda, kisha akasimama akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kugeuka. Bi Mwasiti aliona mgongo ule mpaka ulipopotelea mteremkoni, na aliuombea.

Alitaka kubaki. Alimwambia Naseku hivyo, kwa utulivu, kama mtu anayechagua mahali pa kutandika mkeka. Umri wake ulitosha, na deni lake lilikuwa hapo hapo. Naseku alipiga magoti mbele yake. Alimwambia kwamba alfajiri kibao kitamuuliza, na kisiposikia sauti yake watamtafuta. Wataifuata njia ya kilimani, na wenye watoto bado watakuwa wanaonekana uwandani. Lazima awe nyumbani bomba likikohoa. Lazima ajibu.

Kwa hiyo hata kufa hakukuruhusiwa.

Alimpikia mzee uji kwa unga aliokuja nao, akamlisha, akamfuta ndevu. Mzee Dosa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na akili ilikuwa inakwenda na kurudi; alimdhania shemeji yake mmoja wa zamani, mwenye ulimi mkali, akawa anamtania.

“Uji hauna chumvi huu,” alisema. “Ndiyo maana kaka yangu alikonda.”

“Kaka yako alikonda kwa ubahili wake,” alijibu Bi Mwasiti, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

Alijaza bakuli la pili, akalifunika kwa sahani, akaliweka pale mkono wake ulipoweza kufika. Akamtandikia khanga yake ya pili miguuni. Nyuma ya nyumba, kwenye ardhi iliyokuwa bado laini, alilala yule mwingine, kimya, bila alama. Na bibi aliona ajabu kwamba nchi nzima inamtafuta mmoja, na hakuna anayemtafuta huyu.

Huko chini gari lilianza kulia, likiwaita. Naseku alikuwa ameshasimama mlangoni, viatu mkononi. Alivivua alipoingia, hata humu, hata leo.

“Unakwenda?” aliuliza mzee Dosa.

“Ninakwenda, shemeji. Jua linazama.”

Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akaushika kwa vidole vilivyobaki mifupa.

“Hawa watoto hawajui kukaa na mtu,” alisema. “Kesho uje tena, usikie? Uje mapema, kabla jua halijawa kali. Na chumvi usisahau.”